Aliyeipa Runinga Mgongo

Mzee wa Gemu alikaa akiipa runinga mgongo. Kiti chake cha mbao kilikuwa chini ya runinga kabisa, kikitutazama sisi tuliokaa kwenye mabenchi, na kila mgeni aliyeingia mara ya kwanza alishangaa kuona mwenye ukumbi haangalii kinachochezwa. Sisi wenyeji tulikuwa na maelezo yetu. Wengine walisema anatuchunga tusigombanie pedi za kuchezea. Wengine walisema gemu ameizoea mpaka imemchosha. Hakuna aliyekuwa amepatia, ila tuliishi na maelezo hayo muda mrefu bila kuyachunguza.

Chumba chake kilikuwa Masasi mjini, nyuma ya maghala ya korosho, jirani na kibanda nilichokuwa natengenezea baiskeli. Jioni nikishanawa grisi nilikuwa naingia, naketi mwisho wa benchi karibu na ukuta, nasubiri zamu yangu. Sikuwa msemaji. Kwenye baiskeli mtu anakuonyesha mnyororo uliokatika, unaunga, anaondoka, na maneno hayahitajiki sana. Kwa Mzee pia hayakuhitajika, na nadhani ndiyo sababu nilipapenda.

Aliniita Bubu. Hakuwa na ubaya. Kila mtu chumbani alimpa jina kwa kazi yake au tabia yake. Yule aliyekuwa konda wa basi la Nachingwea alikuwa Konda, muuza mitumba alikuwa Mitumba, mimi nikawa Bubu. Niliitikia kwa kubofya pedi, naye aliridhika.

Kabla ya gemu Mzee alikuwa mpima korosho wa chama cha ushirika. Kazi hiyo aliifanya hadi nywele zikaingia mvi. Kisha biashara ya korosho ikawa huria, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao na malori yao, chama kikapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Hakupenda kuizungumzia siku hiyo. Alichopenda kuzungumzia ni namna ya kuijua korosho. Alisema watu wengi wanadanganyika na ganda. Wanaona punje kubwa, inang'aa, wanaichukua. Yeye alichota punje kwenye gunia, akazitikisa ndani ya viganja karibu na sikio. Iliyokauka inalia, kavu, kama kokoto. Mbichi inanyamaza. Mpaka uzeeni alitembea na punje chache mfukoni mwa koti, na akiwa anawaza tulizisikia zikigongana.

Koti lenyewe lilikuwa kituko. Mtu huyu aliyedharau kung'aa kwa korosho alivaa koti la kumeremeta la rangi ya zambarau, alilochagua kwenye mitumba, na miwani myeusi mikubwa kama ya mcheza muziki. Hakuivua hata ndani, hata mvua ikinyesha. Vijana walimtania kwamba amekuja mjini kutafuta mke. Yeye alijibu kwamba wake wa Masasi hawamfai, maana wanaoga kila siku, na yeye kwao ni Newala.

Utani huo wa maji haukuisha. Newala iko juu kwenye uwanda, maji yake ni ya shida, na kila aliyekaa bondeni anajiona tajiri mbele ya mtu wa Newala. Konda alikuwa Mmakua na hakumwachia nafasi.

"Mzee, ni kweli kwenu ndoo inalala na kufuli?"

"Ni kweli. Tulianza kuifunga siku Mmakua mmoja alipokuja kutembea."

Mabenchi yalitikisika kwa kicheko. Mzee hakupenda matusi, hasa ya wazazi, na aliyetukana mama wa mwenzake alitolewa nje hata kama zamu yake ndiyo kwanza imeanza. Lakini utani aliuchochea. Alipoona chumba kimepoa alimrushia mtu mmoja neno, basi, moto ukawaka wenyewe.

Gemu ilikuwa moja tu. Mashine yake ilikuwa ya kijivu, ya kuchomeka kaseti, ameletewa na mpwa wake aliyefanya kazi bandarini Mtwara. Ilikuwa na matundu manne ya pedi. Kioo kiligawanyika vipande vinne, kila mchezaji na kipande chake, wote mmo ndani ya jengo moja mnatafutana kwa bunduki. Jengo lilikuwa na korido ndefu, ngazi za pande mbili, na chumba kidogo chini ya ngazi. Kuta zilikuwa za rangi ya udongo, hazina hata picha. Watu wake walikuwa na vichwa vya pembe nne kama makopo ya mafuta, na mikono yao haikuwa na vidole. Walipokufa walianguka kama mlango uliong'oka. Bunduki zilikuwa chache, na kila moja ililala mahali pake siku zote, kwa hiyo anayeanza leo alijua zilipo kabla jua halijazama.

Sikuwahi kuona mtu akifundishwa gemu ile. Mgeni alipewa pedi, akafa, akacheka, akafa tena, kisha akaanza kuua. Na kwa kuwa vipande vyote vinne vilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, hapakuwa na siri ya kujificha. Ukichungulia kipande cha mwenzako unajua alipo, naye anajua kwamba umechungulia, kwa hiyo anageuka, nawe unajua kwamba atageuka. Mchezo wenyewe ulikuwa humo. Macho yetu yalikuwa kwenye kioo, ila tuliokuwa tukiwasoma ni jirani zetu wa benchi.

Mimi nilikuwa na namna yangu moja. Kipande changu kilikuwa cha chini kulia. Nilikwenda kwenye kile chumba chini ya ngazi, nikasimama kimya. Watu walipita juu wakikimbizana na kumwaga risasi. Nilisubiri mpaka mmoja ateremke, nikapiga mara moja tu. Kisha nikanyamaza tena. Walinilaani sana.

Mzee alikuwa na sharti. Ukifa, kabla hujaendelea, alikuuliza swali moja: "Umekufaje?" Ilibidi ujibu. "Nilikuwa nakimbilia bunduki kubwa, Mitumba akanipiga mgongoni." "Nimemfuata Konda, kumbe ananivuta kwa Bubu." Ukijibu vizuri, alitikisa korosho zake mfukoni, ikawa kama cheti. Ukisema mashine ni mbovu, alikuambia uwe mtu mzima.

Siku moja Mitumba alimuuliza kwa nini anatuhoji kama polisi.

"Mtu akijua alivyokufa, anarudi," alisema. "Asipojua, anakwenda nyumbani."

Niligundua siri ya Mzee mchana mmoja wa Jumamosi. Tulikuwa watatu, mimi na Konda tukicheza, naye kwenye kiti chake. Basi likapiga honi huko nje, Konda akatupa pedi akakimbia. Nikabaki peke yangu. Umeme ukalegea, picha ikatoweka kabisa kwenye kioo, ikabaki sauti. Mzee hakujua kilichotokea. Labda alitaka kunifurahisha kwa kuwa nimeachwa bila mwenza, kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akageuka, akaitazama runinga ana kwa ana, akaiweka sawa miwani yake.

"Leo picha imetulia, Bubu," alisema.

Kioo kilikuwa cheusi kama sufuria. Niliinuka, nikagonga ubavu wa runinga kama tulivyozoea, picha ikarudi, nikaendelea kucheza. Tangu siku hiyo nilielewa kwa nini miwani haivuliwi na kwa nini kiti kimegeuzwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Hakuwahi kuiona gemu yake. Aliijua kwa midomo yetu. Sikumwambia mtu, na kwangu mimi hilo halikuwa jambo gumu.

Kisha kijana mmoja akafungua ukumbi wa gemu stendi.

Hakuwa mtu mbaya, na ningependa hilo lieleweke. Alikuwa na adabu, aliwaamkia wakubwa, na alikuwa amehangaika kupata mashine mpya ya sahani za CD iliyozungumzwa mjini kote. Watu walikwenda kuitazama kama wanavyokwenda kutazama gari jipya. Ilikuwa na mvua. Mvua ilinyesha, na bunduki ikalowa, na tone likatiririka juu ya chuma. Moshi ulipanda na kusambaa. Askari walikuwa na nyusi. Mwanzoni ilionyesha habari ndefu kama sinema, watu wakizungumza Kiingereza ndani ya ndege, na sote tulitazama midomo wazi.

Chumba cha Mzee kikaanza kupwaya. Kwanza Mitumba, kisha wanafunzi wa sekondari, kisha hata Konda. Kuna jioni tulizokaa wawili, mimi na yeye, nami nikicheza peke yangu kwenye jengo tupu. Kumsikia mtu akitembea peke yake kwenye korido ile kulitia huzuni, na najua aliisikia, kwa sababu hakutikisa korosho.

Ndipo binti yake akashuka kutoka Newala. Mama Zaituni alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Alikaa nasi benchi jioni nzima, akaona mabenchi yalivyo, akasema alichokuja kusema.

"Baba, chumba hakina watu. Unamsubiri nani huku peke yako? Funga, twende nyumbani."

Mzee aliomba muda. Alimwambia kwamba msimu wa korosho ndiyo unaanza. Amwachie msimu huu. Ukiisha na chumba bado kitupu, atampa ufunguo yeye mwenyewe mkononi na kupanda Newala bila neno. Mama Zaituni alikubali. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Mji ule ulikuwa na maeneo mengi ya watu wanaojua kuzungumza. Mimi nilikuwa na mahali pamoja tu, chumba kile.

Mara baada ya hapo Mzee aliomba apelekwe stendi kuona hiyo gemu mpya. Alitumia neno hilo, "kuona". Konda, ambaye nadhani aliona haya kidogo kwa kutuhama, alijitolea kumshika mkono, nami nikafuata nyuma.

Yule kijana alimpokea vizuri, akasema shikamoo, akamtolea kiti akakiweka mbele kabisa. Mzee akakigeuza. Akakaa akiwatazama vijana, mgongo kwenye runinga, mikono juu ya magoti. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mvua ilikuwa inanyesha kwenye mashine, ngurumo zikipita, kitu kikalipuka hadi bati likatetemeka. Mzee aliinamisha kichwa upande mmoja kama anavyofanya mtu mwenye punje kiganjani.

Pale pedi zilikuwa mbili. Mitumba alikuwa anacheza na mwanafunzi mmoja. Wengine wote walitazama. Ghafla kipande cha Mitumba kikawa chekundu, akaanguka.

"Umekufaje?" Mzee akauliza.

Mitumba aligeuka, akashtuka kumwona. "Sijui, Mzee. Kulikuwa na moshi."

Akafufuka, akakimbia kidogo kwenye majani marefu mazuri, akaanguka tena.

"Na sasa?"

"Sijui."

"Amekupiga nani?"

Mitumba alimtazama mwenzake wa pedi, mwenzake akatikisa kichwa kwamba si yeye. Huenda lilikuwa bomu. Huenda alikuwa askari wa mashine yenyewe. Hapakuwa na wa kumlaumu na hapakuwa na wa kumtania, kwa hiyo akanyamaza, akasubiri afufuke.

Mzee alikaa bado kidogo, kwa heshima, kisha akamshukuru mwenyeji na kumwombea heri. Njiani Konda alimuuliza ameionaje. Korosho zikalia mfukoni, mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa.

"Pale inazungumza mashine," alisema. "Watu wamenyamaza. Haijakauka ile, Konda. Ganda zuri, lakini haijakauka."

Konda alicheka akasema ni maneno ya mtu wa Newala aliyeikimbia mvua. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa kwenye benchi letu. Alidai basi limeharibika.

Kurudi kwa watu hakukuwa kwa siku moja, wala hakuna aliyesema anarudi. Kila mmoja alikuwa na sababu ya aibu kidogo. Mmoja alisema stendi foleni ni ndefu, maana pedi mbili haziwatoshi watu. Mwingine alisema kioo cha kule ni kidogo na gemu ina giza, haoni adui. Mitumba ndiye aliyesema ukweli: amechoka kufa bila kujua. Alisema kule ametazama vitu vizuri sana na hakumbuki hata kimoja, lakini anakumbuka siku niliyompiga chini ya ngazi mara tatu mfululizo huku Konda akimlilia kilio cha msibani. Nilitabasamu nikiwa pale karibu na ukuta.

Sisemi gemu ya stendi ilikuwa mbaya. Kwa kutazama ilikuwa bora, na mpaka leo ningelipa kuitazama ile mvua. Lakini gemu ya kupigana na mwenzako inataka umwone mwenzako. Kila kizuri kilichoongezwa kule kilisimama katikati ya watu wawili, moshi, majani, giza, habari ndefu, hadi wakawa hawaonani. Kwetu hapakuwa na kitu cha kusimama katikati. Ukuta ulikuwa ukuta, ngazi ilikuwa ngazi, na aliyekuua alikuwa ameketi kando yako anacheka na una la kumjibu.

Hata yule kijana wa stendi alianza kuja siku zake za mapumziko. Aliingia akiamkia, akakaa mwisho wa benchi, akacheza vibaya. Konda alimuuliza kama kwake hakuna mvua ya kutosha. Mzee alimtetea, akasema mgeni apewe pedi kwanza, ataniwe baadaye.

Msimu wa korosho ulipoisha mabenchi hayakutosha, watu walikaa juu ya makreti. Mama Zaituni alishuka kama walivyoahidiana, akasimama mlangoni akakosa pa kupita. Mzee alisikia sauti yake ikiomba njia. Akaomba mchezo usimamishwe. Kisha akavua miwani.

Macho yake yalikuwa na weupe katikati, kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji.

"Mwanangu, siku nyingi sioni," alimwambia binti yake, nasi sote tukisikia. "Nilikuwa sitaki kuondoka hapa nikiwa nimeshindwa. Sasa nipeleke hospitali."

Mama Zaituni aliweka mkono mdomoni. Konda, aliyemtania kuhusu miwani hiyo miaka yote, alitoka nje akakaa huko kitambo. Siku chache baadaye mashine ilifungwa ndani ya gunia la korosho, na pedi zake nne, na mzee akapanda nayo Newala. Sisi tukabaki na stendi, yenye mvua na moshi.

Nilimwona tena baada ya muda mrefu. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa Newala alikuwa ameniachia baiskeli, na ilipokuwa tayari niliipakia juu ya basi kuipeleka. Kule kulikuwa na ukungu na baridi, watu wamejifunga vitenge mabegani, na kando ya kila nyumba tangi la kukingia maji ya mapaa. Nilikabidhi baiskeli, kisha nikauliza nyumba ya Mama Zaituni.

Alinifungulia mwenyewe. Hakunikumbuka, alikuwa ameniona nikiwa nimeinama tu. Nilisema nimekuja kumsalimia Mzee. Akanikaribisha, na alipokuwa ananitangulia ukumbini alinisimulia, kwa sauti yake ya chini, siku walipomtoa bandeji za macho. Kitu cha kwanza alichoomba baada ya kuwatazama wajukuu ni kuonyeshwa gemu. Walimwashia. Alitazama wale watu wenye vichwa vya makopo, akazitazama zile kuta za udongo, akacheka mpaka wakaogopa jicho litafumuka. "Hawa ndio waliokuwa wanawatoa watu jasho?" alisema. Kisha akachukua kiti chake, akakigeuza.

Na ndivyo nilivyomkuta. Runinga ilikuwa inawaka, wajukuu na watoto wa jirani wamejazana mkekani na pedi, naye chini yake akiwatazama usoni, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekula taratibu. Koti la zambarau lilikuwa lile lile. Miwani ilikuwa mipya, ya vioo vyeupe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, kijana. Karibu. Umetoka wapi?"

"Masasi."

Alinitazama vizuri, kwa adabu, na nikaona kwamba hanijui. Sura yangu hakuwahi kuiona. Sauti yangu aliisikia mara chache mno kuweza kuikumbuka. Aliuliza kama nina ndugu hapa, nikasema hapana. Aliuliza kama nimetumwa na mtu. Nilitaka kusema mimi ni nani, lakini maneno yakafanya kama yanavyofanya siku zote, nikabaki nimeshika kofia.

"Basi mgeni apewe pedi," akasema, kuniondolea tabu.

Msichana mmoja alinisogezea ya kipande cha chini kulia. Niliketi mkekani mwisho, karibu na ukuta. Vidole vilijua njia. Nilipita korido, nikaingia chini ya ngazi, nikasimama. Juu watoto walikuwa wanakimbizana na kupiga kelele. Nilisubiri. Mmoja akateremka. Nikapiga mara moja.

"Nimekufa!"

"Umekufaje?" Mzee akauliza.

"Mgeni huyu, Babu. Alikuwa chini ya ngazi. Amesimama tu, kimya."

Mzee hakutikisa korosho. Mikono yake ilitulia magotini. Mtoto mwingine akateremka kwa hasira kumlipizia mwenzake. Nikasubiri. Nikapiga mara moja. Na katika kile kimya kilichofuata nilimwona Mzee wa Gemu amefumba yale macho yake mapya, ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

Alipoyafumbua alinitazama muda mrefu, paji la uso, pua, mikono yenye grisi, kama anasoma kitu alichokuwa amekisikia kikisomwa tu.

"Kumbe una sura hii, Bubu," alisema.

Kisha akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watoto, nikaushika.

"Marahaba," akasema. "Marahaba sana, mwanangu."